Tambara Ndani ya Mlango wa Motokari

Kindu-Port-Empain,
tarehe 16 Novemba 1958.

Mpendwa Yaya Donatien, kaka yangu,

Kabla ya neno lolote, goti lako linaendeleaje? Ulisema baridi ya Elisabethville imeingia humo na imekataa kutoka, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kitanda. Mke wangu Bernadette anakutumia chupa ya mafuta ya mawese aliyoyachemsha pamoja na majani yake anayoyajua mwenyewe. Ni ya kupaka. Nasema hivyo kwa sababu nakufahamu.

Sisi huku tu wazima. Mvua zimefika na hasira zake zote, Lualaba imepanda hadi kwenye mawe ya kufulia, na wanawake wamepanda nayo. Kikohozi changu kimehamia kwa watu wengine. Cherehani bado inakimbia pale barazani, mimi ndiye ninayechoka. Watoto wanakusalimu, hata yule ambaye hujamwona. Tumemfundisha uso wako kwa ile picha uliyopiga umevaa kofia, kwa hiyo siku utakayokuja usiivue.

Sasa nije kwenye jambo lililokufanya uandike kwa mkono mzito hata kalamu ikatoboa karatasi. Unasema watu wa reli wamefika huko na habari kwamba mwanao Florentin, fundi wa kule ateliye, karakanani, yule unayemsifu kila unapoketi, alisahau tambara ndani ya mlango wa motokari yake. Kioo kikakwama, mama mukwe wake akalowa kama muhogo uliotumbukizwa mtoni, na Kindu nzima inacheka. Unaniuliza kama ni kweli. Na kama ni kweli, kwa nini mimi, baba yake mdogo, nilinyamaza.

Yaya, kwamba Kindu inacheka, ni kweli. Mimi pia nacheka, nikiwa mbele za watu. Hayo mengine nitakueleza yalivyokwenda, kisha utaamua mwenyewe kama ni aibu inayokustahili au kitu kingine.

Nianze na motokari, maana hujaiona. Ni ya Kimarekani, pana kama kitanda cha chifu, na zamani rangi yake ilikuwa ya majani mabichi. Ilikuwa mali ya Mreno mmoja mnunuzi wa mchele. Ilipomfia aliisukuma nyuma ya ghala, kuku wakawa wanataga juu ya viti. Alipohama Kindu alimwachia Florentin, kwa kuwa Florentin ndiye aliyekuwa akiiponya mashine yake ya kukoboa. Kila Jumapili baada ya misa mwanao alikuwa chini ya gari lile, miguu tu inaonekana, mpaka siku moja likakohoa na kuwaka. Watu wa mtaa wameliita Mujane, kwa sababu bwana wake ameondoka na bado linajipamba.

Ajabu ya Mujane ni vioo vyake. Hakuna ule mkono wa kuzungusha. Mlangoni kuna kabutoni kadogo ka chuma. Ukikasukuma huku, kioo kinapanda, ukikasukuma huku, kinashuka, chenyewe, bila haraka, kama mtu mnene anayejiinua kitini. Na mbele, kwa dereva, kuna butoni nyingine za kuamrisha vioo vyote. Siku Florentin alipovifanya vyote vitii, niliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja nikaenda kutazama. Unajua mimi si mtu wa kushangaa upesi. Siku ile nilishangaa upesi.

Tuiache motokari kidogo, tumtazame Hélène, mke wake. Mwaka jana alikwenda kujifungua kwa mama yake kule Pangi, kama wanawake wetu wanavyokwenda kwa mimba ya kwanza, na unajua tulivyorudi. Tulirudi mikono mitupu. Safari hii Florentin alitaka ajifungulie hapa, kwa masista, na mama ndiye amfuate mtoto wake. Ni kugeuza njia ya watu, na alijua. Alinituma mimi na Bernadette kupeleka maneno hayo Pangi.

Mama Adolphine alitusikiliza hadi mwisho. Ni mjane, hana mwanamume wa kumjibia, na wala hatafuti. Akasema atakuja. Atakuja kutazama: nyumba, maji, watu, na zaidi ya yote atamtazama mukwe wake bila kumtazama. Yakimpendeza, Hélène atabaki Kindu. Yasipompendeza, atamchukua warudi Pangi siku ileile. Hakuna aliyebisha. Kwa jambo la binti yake, mama yule akishasema, wengine tunatafuta kofia zetu.

Florentin akaenda kumchukua na Mujane. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Wewe uliondoka zamani, lakini hujasahau heshima ya ukwe inavyoshikwa huku: mukwe hamtazami mama mukwe usoni, hamtaji jina, hampi kitu mkono kwa mkono, wala hawasemezani bila mtu katikati. Sasa mtu wa namna hiyo utambebaje siku nzima ndani ya chumba kimoja chenye magurudumu? Florentin alifikiri, akaja kwangu na kikwembe cha Hélène. Nikakipinda ukingo, nikapitisha kamba, tukakitundika kati ya viti vya mbele na vya nyuma kama pazia. Kile kioo kidogo cha ndani, cha kutazamia nyuma, alikigeuza kitazame paa. Mimi niliketi mbele kando yake, niwe kinywa cha wote wawili. Mama Adolphine aliketi nyuma yake kabisa, mahali ambapo hata akigeuka hawezi kumwona.

Jambo moja lilimponyoka. Nje, kwenye mlango wa dereva, kuna kioo kingine cha mviringo. Kile hakuna aliyekikumbuka.

Tulikwenda vizuri. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya, ila mara mojamoja nilisikia kile kioo cha dirisha kikipanda na kushuka, nikajisemea mama naye ameipenda butoni. Tulipofika Alunguli, kwenye kivuko cha Lualaba, baki lilikuwa ng'ambo, na mvua ilikuwa huku. Florentin akabonyeza vioo vifungwe. Vyote vikafunga, isipokuwa cha mama. Kile kilisimama nusu njia, kikaguna, kikakaa hapohapo.

Yaya, ile mvua haikunyesha, ilimwagwa. Florentin akashuka, akalivua koti lake la mvua, akalitanda juu ya dirisha kwa nje, na yeye akasimama ameupa mlango mgongo asije akaona ndani, amelishika koti lile kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, mpaka baki lilipovuka na kutufikia. Alilowa hadi kwenye soksi. Lakini upepo ulikuwa unapita chini ya koti, na mama naye akalowa. Aliposhuka nyumbani alikuwa amejitanda kichwani ncha ya kikwembe chake, nikadhani ni kwa ajili ya mvua.

Alikunywa chai, akabadili nguo, kisha akaniita. Florentin alikuwa nyuma ya ukuta wa matete, anasikia kila kitu, na mama alijua.

“Kalume,” akasema, “umuambie ule mwenye motokari. Kamyo ya Pangi inapita hapa siku ya Posho. Kama dirisha yake itafunga mbele ya ile siku, nitakaa. Kama haifungi, mimi na mutoto wangu tutapanda. Muntu mwenye hawezi kufunga dirisha moja, atatufungia mulango gani?”

Posho, nakukumbusha, ndivyo tunavyoiita Jumamosi huku, usije ukatafuta kwenye kalenda yako ya Katanga.

Jioni Hélène alikuja barazani kwangu, akaketi kwenye kasha la vitambaa, tumbo limemtangulia. Akasema, “Baba mudogo, wakisema nipande, nitapanda. Lakini ile njia sitaki kuiona tena.” Kisha akaniuliza kama uzi mwekundu umekwisha. Uzi mwekundu haukuwa jambo lake.

Basi kesho yake Florentin aliomba ruhusa ateliye, akaileta Mujane chini ya paa la baraza langu. Mama Adolphine alitandika mkeka upande wa pili wa baraza, akaketi na Hélène kuchagua mawe katika mchele, ametupa mgongo nusu. Hakuja kwa ajili ya mchele. Hata jirani yetu Badibanga alikuja, yule Mukasai mwendesha treni. Ana siku zake za kupumzika na hajui kuzitumia kwake.

Nataka ujue mwanao anavyofanya kazi, maana nimeona mafundi wengi ambao huanza kufungua kabla ya kuuliza. Yeye aliketi chini mbele ya ule mlango bila hata turnevisi mkononi, kama anayemtembelea mgonjwa.

“Baba mudogo,” akasema, “umuulize mama. Wakati kioo kilisimama, kilinyamaza ao kililia?”

Mama alikuwa hatua chache tu kutoka pale, masikio yake mazima. Akangoja. Nikageuka nikasema, “Mama, anauliza, kilinyamaza ao kililia?”

“Muambie kililia.”

“Florentin, kililia.”

“Kililia namna gani?”

Nikauliza. Mama akatupa jiwe la mchele nje ya ungo. “Muambie kililia kama muntu mwenye kubeba muzigo mukubwa na hataki watu wajue.”

Badibanga akapiga paja. “Huyu mama njo mekanisiye. Wamupe kazi kule ateliye.”

Lakini Florentin hakucheka. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama kingenyamaza, angetafuta umeme: pengine waya umekatika pale mlango unapokunjika, pengine fyuzi, ile risasi ndogo ya kuzuia moto, imeungua. Kama kinaguna, umeme unafika, mota inajaribu, na kuna kitu kinaishinda nguvu. Na ili asiamini maneno peke yake, aliwasha taa kubwa zikapiga ukuta wangu, akabonyeza butoni. Taa zikapungua mwanga, kama macho ya mtu anayeinua gunia. Akaachia, zikarudi. “Unaona,” akasema, “mota inakula umeme.” Kisha akabonyeza ile butoni ya mbele: sauti ileile. Kwa hiyo butoni ya nyuma haikuwa na kosa. Hivyo ndivyo alivyokwenda, Yaya, akiwaachilia washitakiwa mmojammoja, bila kupiga mtu.

Badibanga yeye alishauri nyundo. “Mimi, treni yangu ikileta kiburi, naipiga.”

“Njo maana inachelewa,” Florentin akajibu, hakugeuka.

Hapo nikaenda nyuma ya nyumba kidogo, kwa haja zangu, Badibanga naye akaenda kuwasha kiko jikoni kwa Bernadette, na Hélène akaingia kunywa maji. Niliporudi nilisikia sauti barazani nikasimama penye pembe ya nyumba. Kinywa chao hakikuwapo, basi walikuwa wamepata kingine.

“Cherehani,” Florentin alikuwa anaiambia mashine yangu, kwa adabu kabisa, “umuulize mama, kile kioo kabla hakijasimama, kilikuwa kinapanda ao kinashuka?”

“Cherehani,” mama akasema, “umujibu, kilishuka. Kisha kikapanda kidogo. Kisha kikakataa.”

“Cherehani, umuambie asante.”

Sikutaka kuwaingilia. Cherehani ilikuwa inafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi, maana haiongezi lake. Lakini baada ya jibu lile mama aliuinamia ungo hadi uso wake usionekane. Na Florentin hakuuliza nani alikishusha, wala kwa nini, siku yenye mawingu. Alichukua turnevisi.

Alifungua skurubu, akazipanga juu ya gazeti jinsi zilivyotoka, akaitoa ile karatasi ngumu inayofunika tumbo la mlango. Ndani kuna mota kama sufuria ndogo, kuna gurudumu la meno, na mkono wa chuma unaokibeba kioo. Akaingiza mkono wake hadi kwenye kiwiko. Mara akautoa upesi, kama aliyegusa jiko. Akatazama chini.

“Njo nini?” Badibanga akauliza, amerudi na moshi wake. “Nyoka?”

“Ndugu yangu Badibanga,” Florentin akasema taratibu, “una ile koleo ndefu kwako? Uniazime.”

Badibanga akaondoka akijiona mtu wa maana. Florentin akasimama, akaupa mlango mgongo kama alivyosimama kule Alunguli, akasema, “Baba mudogo, uje uangalie. Mimi siwezi kushika ile kitu.”

Nikainama. Katika meno ya lile gurudumu kulikuwa na kitambaa kimejisokota: cha manjano, chenye madoa meusi kama chui. Nguo ndizo ninazozijua, Yaya. Kile kilikuwa kichwani kwa Mama Adolphine siku tuliyotoka Pangi.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Pazia lilimficha kwa ndani, lakini kile kioo cha mviringo cha nje kilikuwa kinamtazama usoni, na yeye alikiona tangu mwanzo. Hakuweza kuniambia, maana ingekuwa kusema kwamba mukwe wake anaweza kumwona. Akakivua kitambaa cha kichwa, akakipitisha juu ya kioo cha dirisha akibane kiwe pazia lake mwenyewe, akabonyeza butoni kukaza, na Mujane akakimeza. Heshima ndiyo iliyokwamisha kioo. Mama aliilinda heshima mpaka akalowa nayo.

Sasa fikiri mwanao alikuwa na nini mikononi mwake wakati ule, au tuseme nyuma ya mgongo wake. Angesema neno moja tu kwa sauti, mashitaka yote yangegeuka. Mama alisema mtu asiyeweza kufunga dirisha; kumbe aliyelikwamisha ni yeye. Baraza lote lingecheka, na asingechekwa yeye. Na Mama Adolphine asingeingoja kamyo. Angekwenda kwa miguu, na Hélène nyuma yake. Kwanza kitambaa chake cha kichwa ndani ya gari la mukwe, kisha mdomoni mwa jirani: mwanamke wa umri wake asingelala tena katika mji huu.

Niligeuka kuutazama mkeka. Hélène alikuwa amerudi, anaendelea kuchagua mchele. Mikono ya mama ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

Florentin hakugeuka. Akaanza kuniongoza kwa sauti ya chini, uso wake umeelekea barabarani kama anayetazama wapita njia. “Ushike lile gurudumu kwa vidole. Ulizungushe kinyume, polepole. Usivute, baba mudogo, ukivuta itapasuka.” Alikuwa anamfundisha fundi wa nguo kutovuta nguo, na sikukasirika. Pale lilipogoma akaniambia nilegeze skurubu ya mkono wa chuma, ipi, upande upi, na asilani hakukosea, kana kwamba ana macho kisogoni. Yeye alikuwa na ujuzi bila macho, mimi macho bila ujuzi. Hivyo ndivyo tulivyokitoa, kidogo kidogo, bila mkasi. Nikakitia ndani ya shati langu. Nikanenepa kidogo.

Badibanga akarudi na koleo. “Haya, ilikuwa nini?”

Florentin akainama ndani ya mlango, kisha akainuka na lile tambara lake la kupangusia mafuta, ambalo muda wote lilikuwa katika mfuko wa nyuma wa suruali yake. Akaliinua juu watu walione. “Hii hapa. Tambara yangu. Niliisahau ndani siku nilifunga mulango.”

Badibanga alicheka mpaka kiko kikamtoka. Kisha kesho yake akaendesha treni, na unajua treni inasimama wapi na wapi: Kibombo wakasikia, Kongolo wakasikia, na mwishowe wewe. Usimlaumu. Alipewa habari, akaisafirisha, ndiyo kazi yake.

Mbele yetu wote Florentin akasema, “Baba mudogo, umuambie mama kosa njo yangu. Naomba anisamehe.”

Nikamwambia. Mama aliutua ungo mkekani. Kisha akasema, “Muambie nimesikia.” Mikono yake ikarudi kwenye mchele.

Florentin akafunga mlango, akabonyeza butoni. Kioo kikapanda, taratibu, mpaka juu kabisa, kikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi ningetaka kupiga, lakini nilikuwa nimebana shati.

Kitambaa nilikifua mwenyewe, Bernadette akidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Yale meno yalikuwa yamekitoboa kama panya. Nilishona kwa uzi mweusi palipokuwa na madoa meusi, na hapo hata mimi siioni sindano yangu. Mahali pamoja tu tundu lilikuwa katikati ya manjano, na uzi wa manjano ule wenyewe sikuupata Kindu yote. Pale panaonekana. Hélène akakitia ndani ya kapu la mama yake, chini ya nguo nyingine.

Siku ya Posho kamyo ya Pangi ikaja ikapiga honi pale kona. Mama Adolphine alikuwa anapuliza moto. Akainua kichwa, akamwambia dereva awasalimu watu wa Pangi, akaendelea kupuliza.

Lakini mji haukuacha. Kila Florentin alipopita: fundi, umetazama mfuko? Kila kioo kilichovunjika Kindu kilikuwa na tambara ndani yake. Yeye alicheka nao, akajibu kwamba safari ijayo atasahau shuka nzima, watu wajifunike. Sijawahi kumwona mtu akibeba uwongo mzito namna ile kwa shingo nyepesi hivyo.

Jumapili moja tulikuwa tumeketi uani kwake, wanaume tunakunywa, na Badibanga akaanza tena. “Florentin, kaka, hii glasi yangu iko na kitu ndani. Haiko tambara yako?” Tukacheka, nami nikacheka, kama nilivyokueleza.

Mama Adolphine akatoka jikoni. Kichwani alikuwa amefunga kile kitambaa cha manjano, na mshono wangu mbaya uko mbele kabisa, juu ya paji la uso, mahali ambapo mwanamke anayetaka kuuficha asingeuweka.

“Badibanga,” akasema, “unywe pombe yako. Umuache mutoto wangu. Florentin anajua kazi.”

Alimtaja jina. Hakumwambia mtu amwambie. Florentin aliyatazama viatu vyake kama viatu vipya.

Kesho yake mama akafanya jambo lile kwa utaratibu wake. Akachinja kuku, akapika, akatuita mimi na Bernadette tushuhudie, akachukua sahani akaiweka mikononi mwa Florentin, mkono kwa mkono, na Florentin akainua macho akamtazama. Ukwe ukafunguliwa. Wewe unajua wanaume wangapi huku wanangojea sahani hiyo hadi nywele zinakuwa nyeupe. Mimi kwa mama yake Bernadette niliingoja mpaka akafa, Mungu amlaze pema, nikampenda kisogo.

Na sasa habari kubwa, ambayo Florentin ameniachia niiandike mimi, nami nimeiweka huku nyuma kwa kusudi, maana ungeisoma kwanza ungeitupa hii nyingine. Umekuwa babu. Hélène amejifungua kwa masista, msichana, mzima, mwenye sauti inayovuka mto bila baki. Mama yake ni mzima pia, anakula, anaamrisha. Jina bado. Wanasema litoke kwako, kwa hiyo usichelewe, maana Bernadette ameanza kumwita majina ya dada zake.

Tulikwenda kuwachukua na Mujane. Pazia halikuwapo, limerudi kuwa kikwembe. Mama Adolphine aliketi nyuma na mtoto mapajani, Hélène kando yake, mimi mbele. Tangu lango la masista hadi nyumbani mama alikuwa anabonyeza ile butoni. Juu, kumwonyesha mjukuu kioo. Chini, kuwaonyesha watu mjukuu. Juu tena. Batri ya motokari ile ni mzee kuliko ndoa nyingi, na kila kioo kilipopanda nilisikia injini ikishusha pumzi. Florentin alisikia kunishinda. Aliendesha polepole, apate njia ndefu. Nami nilikitazama kile kioo cha mviringo cha nje, ambacho hakuna aliyekigeuza, nikaona ndani yake kitambaa cha manjano, na ule mshono wangu mmoja.

Kwa hiyo, Yaya, watu wa reli wakikucheka huko kwa ajili ya lile tambara, cheka nao. Waambie ndivyo alivyo, msahaulifu tangu utoto, na wewe ndiye uliyemlea.

Utusalimie mke wako Jeannette na wanao wote, na mzee Tambwe kama masikio yake yanamruhusu bado kusikiliza barua. Hélène, Florentin na Bernadette wanakukumbatia. Mama Adolphine ananiambia nikusalimu wewe mwenyewe moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, na nimefanya hivyo.

Mungu akuweke, alilegeze goti lako, na akulete uone uso huu mdogo kabla haujajua kuongea, maana ukishajua hutapata nafasi ya kusema.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Kalume